Tembo wa Mwalimu Monica

Mikumi ina tembo wengi, lakini waliochorwa wote ni mmoja. Ukitoka stendi ukashika barabara ya Kilosa utamkuta ukutani kwenye bucha la Abubakari, utamkuta mlangoni mwa gesti, utamkuta nyuma ya pikipiki za vijana, kwenye kile kipande cha mpira kinachozuia matope. Kila mahali ametazama kushoto. Ana jicho moja na pembe moja, mkonga umepinda kama mpini wa mwavuli, na chini ya miguu yake kuna majani kidogo, ili asionekane anaelea.

Tembo huyo ni wa Mwalimu Monica. Alimleta kutoka Kisanga, alikofundishwa kumchora akiwa msichana wa shule ya misheni, na tangu aanze kufundisha chekechea nyuma ya kanisa amekuwa akimchora ubaoni kila Jumatatu. Watoto wanamwiga mpaka wampate. Aliyekosea anafutiwa, anaanza upya. Ndiyo maana mtu mzima wa Mikumi, ambaye tembo wa kweli amemlia mahindi yake shambani, ukimpa chaki ukamwambia achore tembo, atakuchorea wa Mwalimu Monica, akitazama kushoto.

Basi mwanamke huyo, mwenye tembo mji mzima, alikuwa analiwa na wivu. Na wivu wenyewe ulikuwa juu ya mwanamume mmoja wa miaka minne.

Jina lake Theodory, mtoto wa binti yake Grace. Monica alimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na tangu mtoto alipojifunza kutembea watu walizoea kumsikia akiita uani, "Mume wangu! Njoo unipe pesa ya mboga!" na kale kamume kadogo kanakuja mbio na jani la mwembe mkononi, kanamlipa. Wakati huo Grace alikuwa akiishi na mwanawe kwenye shamba lao, pembezoni mwa hifadhi, na Jumapili zote walikuja mjini.

Halafu alfajiri moja tembo aliingia shambani kufuata mahindi. Grace alikuwa nje akipiga debe kumfukuza. Tembo akapita jikoni, ukuta ukalala chini. Mtoto alikuwa humo ndani, chini ya meza. Walimtoa mzima, hana hata mchubuko. Lakini tangu siku ile hakusema tena. Si mama, si bibi, si maji. Walimpeleka hospitali Kilosa, daktari akamchungulia masikio, akamwambia atoe ulimi, mtoto akautoa. Daktari akasema masikio mazima, ulimi mzima, mwacheni acheze.

"Acheze?" Monica alinung'unika njia nzima ya kurudi. "Nimelipa nauli ya watu watatu mpaka Kilosa kuambiwa mtoto acheze?"

Grace akaliacha shamba, akahamia kwa mama yake, akaanza kuuzia madereva wa malori chakula pale stendi. Monica akamchukua mume wake darasani, akamkalisha benchi la mbele. Aliamini kwa moyo wote kwamba yeye, aliyewatia maneno mdomoni watoto wa mji huu kizazi baada ya kizazi, ndiye atakayemrudishia Theo maneno yake. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani mwaka ule.

Jumatatu ya kwanza akachora tembo. Darasa zima likaitikia kwa sauti, "Tembooo!" Theo akajikojolea pale pale kwenye benchi.

Ilipotokea mara ya pili, Grace hakungoja ya tatu. Alimfulia mwanawe kaptula, na kesho yake asubuhi akamshika mkono, akampitisha mbele ya mlango wa mama yake na mbele ya kanisa, akaenda naye ng'ambo ya barabara, kwa Yusrah.

Yusrah huyu alikuwa binti wa Kilangali, hana hata muda mrefu mjini. Alipanga fremu moja yenye uwanja nyuma, akazungushia minyaa, akaandika kwenye kibao: Chekechea. Hakuwa na benchi. Alikuwa na turubai, madumu ya maji, na udongo wa kichuguu aliochimba mwenyewe akaupepeta kama unga. Rangi alizitengeneza jikoni: nyekundu ya rozela, manjano ya bizari, nyeusi ya mkaa uliosagwa, nyeupe ya chokaa ya udongo kama ile wanawake wa bondeni wanayosiribia nyumba. Watoto walifinyanga, walipaka kwa viganja, walibandika mbegu za maboga kwenye makaratasi. Saa sita walirudi makwao kama waliotoka kuvuna mpunga.

Mwanzoni akina mama walilalamika juu ya sabuni. Monica alifurahi sana siku hizo. Alisimama mlangoni mwa darasa lake na chaki mkononi, akiwaambia waliopita, "Mimi nafundisha a, e, i, o, u. Wengine wanafundisha uchafu. Mzazi achague."

Wazazi wakachagua. Mke wa Abubakari ndiye aliyeanza. Mtoto wao Ashrafu alikuwa kwa Monica mwaka mzima, akishika penseli kama anayeshika mchi, na kila siku anafutiwa. Alipohamia ng'ambo, hakupita muda mrefu akaanza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mama yake alimsimulia kila mtu aliyefika buchani kununua nyama.

"Nilimuuliza Mwalimu Yusrah, mbona hamwandikishi? Akaniambia, mama Ashrafu, vidole vyake bado laini, ngoja kwanza vipate nguvu kwenye udongo, penseli itamjia yenyewe. Na kweli, juzi kachora duara. Duara limefunga, jamani!"

"Duara," alisema Monica, ambaye alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Mimi kwangu wanachora tembo."

"Mwalimu, shikamoo," mama Ashrafu akageuka, aibu ikamshika.

"Marahaba. Nipimieni nusu, mifupa msiniwekee."

Abubakari alicheka huku akikata. Alikuwa mwanafunzi wa Monica zamani, na tena ni mtani wake, yeye mtu wa bondeni, Monica mtu wa milimani, kwa hiyo mdomo wake haukuwa na breki. "Mwalimu, poleni. Naambiwa mumeo kapata mke wa pili. Kijana, mweupe wa meno, na anapikia udongo."

Watu wakacheka. Monica naye alicheka, maana utani haukasirikiwi. Lakini alifika nyumbani bila nyama, ameisahau juu ya kaunta.

Kilichomuuma si watoto wa watu. Watoto wa watu huja na kuondoka. Kilichomuuma ni kumwona Theo saa sita anavyorudi. Mtoto alikuwa bado hasemi, lakini alirudi na kitu usoni. Alikuwa na kopo la maziwa lenye donge la udongo, na alilala nalo kitandani. Mara moja Monica alipita karibu na minyaa, akajifanya anafunga kanga vizuri, akasikia kicheko. Alikijua kicheko kile. Alikisikia akasimama pale kama mwizi, akachungulia kwenye upenyo. Theo alikuwa amechutama, mikono mpaka kwenye viwiko ni matope, na yule binti amechutama mbele yake, hasemi neno lolote, wala hamfundishi. Anatazama tu. Mtoto anapiga donge chini, linatoa sauti pwa! anacheka.

Kwangu hakucheka, Monica aliwaza. Nimemnywesha uji huyu. Nimembeba mgongoni kwenye jua la Kilosa. Anakwenda kumchekea mtu asiyejua hata babu yake Theo alizikwa wapi.

Na Yusrah alivyokuwa na adabu, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kila asubuhi alivuka barabara kuja kumsalimia, amejifunga ushungi vizuri, anapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Laiti angekuwa na kiburi! Mtu wa kiburi unamchukia ukapumzika.

Jioni moja Monica aliona heri naye ajaribu. Grace alikuwa bado stendi. Akamkalisha mjukuu wake mkekani, akaweka kibao na chaki, akamshika mkono wake mdogo ndani ya mkono wake. "Twende, mume wangu. Mgongo... tumbo... mkonga unashuka hivi... jicho. Umemwona? Si mzuri?"

Theo alimtazama yule tembo. Hakulia, hakujikojolea. Alikiweka kiganja chake juu ya kibao, akamfuta taratibu, kuanzia jicho. Kisha akachukua kopo lake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Grace aliporudi alimkuta mama yake bado amekaa pale na vumbi la chaki kwenye kanga.

"Ananifuta," Monica alisema. "Yule binti amemfundisha kunifuta."

"Mama, hakuna aliyemfundisha. Mwache kidogo."

"Nimwachie nani? Yeye?"

"Mama." Grace akavua viatu. "Mimi nataka aseme tu. Akisemea kwako, akisemea kwake, akisemea chooni, mimi ni sawa."

Lakini kwa Monica haikuwa sawa hata kidogo.

Siku ya wazazi ya Yusrah ikatangazwa. Afisa elimu kata, Bwana Kasian, angekuja, na kazi za watoto zingepangwa uwanjani watu watazame. Kibanda kizima cha nyuma kilijaa vitu vya udongo vinavyokauka chini ya magunia. Siku moja kabla, adhuhuri, watoto wakiwa wameshaondoka na Yusrah ameingia ndani kuswali, Monica alivuka barabara. Alijiambia anakwenda kuona uchafu wenyewe, apate la kumwambia Kasian.

Akainua gunia. Kulikuwa na sufuria, redio, kuku mwenye mayai juu ya mgongo, lori lenye magurudumu mengi kupita kiasi, mtu mwenye mikono inayofika chini. Kila kimoja kina kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Akatafuta la Theo.

Lilikuwa donge. Magogo manne manene yamesimama, juu yake kipande bapa kilichovunjika pembeni, basi. Halina kichwa. Halina chochote. Lakini kila gogo lilikuwa limebonyezwa mbele kwa kidole, alama ndogondogo za mviringo, kwa uangalifu mkubwa.

Monica alifundisha watoto maisha yake yote. Alijua zile alama ni kucha. Alijua ni tembo.

"Maskini," alisema kwa sauti. "Ndiyo tembo gani huyu? Mji mzima utakuja kumcheka mume wangu."

Ni kweli alimhurumia. Lakini chini ya ile huruma kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilichomchutamisha. Kesho Kasian atatazama donge hili, atasema hiki ndicho mjukuu wa Mwalimu Monica alichojifunza? Au atasema, ona, hata mjukuu wake ameletwa huku. Yote mawili hayakuvumilika. Kulikuwa na maji kwenye dumu. Akalowesha vidole. Udongo haujakauka sana, ukamkubali haraka, maana bibi zake wote walikuwa wafinyanzi kule milimani. Alipunguza miguu, akazungusha tumbo, akatoa mkonga ukapinda vizuri. Akaweka jicho. Akaweka pembe. Alipomaliza akasikia Yusrah anakunja mswala ndani, akafunika gunia, akatoka kwa njia ya minyaa kama msichana anayetoroka kwenda ngomani.

Kesho yake viti vya plastiki vilijaa. Bwana Kasian alifika na pikipiki, akapangusa vumbi la viatu, akaanza kupita mezani. Alitazama lile lori, akatazama kuku. Alimuuliza Ashrafu, "Haya mayai mbona yako mgongoni?" Ashrafu akamjibu, "Si ameyabeba? Anahama." Watu wakapiga makofi. Yusrah alisimama pembeni, ametulia.

Kisha Kasian akafika kwa tembo. "Lo! Huyu ni wa nani?" Akasoma kikaratasi. "Theodory. Huyu mtoto ana kipaji, jamani. Tazama mkonga huu!"

Monica alikuwa mstari wa pili. Alijaa kifuani kama kitumbua kwenye mafuta. Akamwona Yusrah anakunja uso, anasogea kutazama, na furaha yake ikazidi.

Theo alikuwa amekuja na mama yake. Alipita chini ya meza, akachungulia upande huu, akachungulia upande ule. Akainua magunia yaliyokunjwa. Akaangalia nyuma ya dumu. Kisha akarudi mbele, akapanda juu ya kiti, akamtazama yule tembo ana kwa ana.

"Siyo," alisema.

Grace aliachia sahani ya vitumbua aliyokuwa akiwapelekea wageni. Hakuna aliyeinama kuokota.

"Siyo wangu." Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. "Wangu hana macho. Wangu miguu. Miguu tu."

"Baba," Yusrah alisema polepole, amechutama tena kama siku zile. "Miguu ya nani?"

"Ya tembo. Mimi nilikuwa chini ya meza. Alikuja miguu." Mtoto akaanza kulia kwa sauti, na huku analia anaendelea kusema, maneno yanatoka yakipishana, ya debe, ya ukuta, ya mama aliyekuwa anaita nje naye hawezi kumwitikia kwa kuwa miguu ingemsikia. Grace alimdaka akamkumbatia, na mtoto akasema yote yale shingoni kwa mama yake, na uwanja mzima ukayasikia.

Ndipo Abubakari, ambaye machozi yalikuwa yamemtoka na hakujua ayafanyeje, akatazama mezani ili asitazame watu. Akashtuka.

"Mbona huyu tembo ni yule wa bucha langu? Jicho lile lile. Anatazama kushoto!"

Vichwa vyote vikageuka kwa tembo, kisha taratibu, mstari kwa mstari, kwa Mwalimu Monica. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Nusu ya watu wale walimchora tembo yule wakiwa na umri wa Theo.

"Ni mimi," Yusrah akasema haraka. "Ile ya Theo ilipasuka wakati wa kukauka, nikamwomba Mwalimu anisaidie kuitengeneza. Ni kosa langu, ningemwambia mtoto kwanza."

Alisema bila kupepesa macho, kwa ile ile adabu ya asubuhi. Watu wakaanza kushusha pumzi. Na Monica aliuona mlango umefunguliwa, heshima yake iko pale, anachotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Lakini aliyemfungulia ni nani? Mtoto ameongea kwake, kwenye uwanja wake, kwa udongo wake. Sasa na heshima nayo nikaipokee kutoka mkononi mwake, nilale nayo, niamke naikuta? Wivu ulimpanda kooni kwa nguvu zote, na ndio uliomsimamisha.

"Hakuniomba," alisema. "Niliingia hapa jana yeye anaswali. Donge lilikuwa zima."

Akatoka. 

Jumatatu ilipofika ubao wa nyuma ya kanisa ulibaki mtupu. Watoto walimngoja tembo, hakuja. Monica aliwapa ruhusa mapema, akarudi nyumbani, akamkuta Theo jikoni na kopo lake. Mtoto alikuwa ameanza tena: magogo mawili yameshasimama, la tatu linamsumbua.

Monica akasimama pale mlangoni, hajui kama anaruhusiwa.

"Mume wangu," alisema. "Unanipa kazi?"

Theo alifikiri. "Utaweka macho?"

"Siweki."

"Na mkonga?"

"Sigusi mkonga."

"Kaa huku, basi." Akaonyesha chini ya meza.

"Huko? Na magoti haya?"

"Huwezi kuona ukikaa hapo."

Bibi akakunja kanga, akashuka kwa mikono na magoti huku akimwita Yesu, akajikunja chini ya meza ya jikoni kichwa kikigusa ubao. Theo akaingia akakaa mbele yake, akamwegemeza mgongo, akampa donge. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani. Kutoka pale chini aliona sakafu, kizingiti, na kipande cha uwanja. Hakuona mtu wala anga. Hapo ndipo alipoanza kubonyeza kucha.

Vikatokea viatu mlangoni. Ndala za bluu, zenye udongo mkavu kwenye vidole, na pindo la baibui. Vilikuwa vikubwa sana, vimejaza mlango wote. Mgongo wa mtoto ukakakamaa kidogo kifuani pake, kisha ukalegea.

"Namjua," Theo alinong'ona. Alitaka kutoka mbio.

Monica naye alimjua. Kitu kile kile kikamchoma pale pale pa siku zote. Mkono wake, wenye matope mpaka kwenye kiwiko, ukamzunguka mjukuu wake tumboni.

"Shikamoo, Mwalimu," viatu vikasema. "Theo hajaja leo. Nimekuja kumtazama."

"Marahaba," Monica alijibu kutoka chini ya meza. "Ngoja hapo nje. Bado tuna mguu mmoja."